UZI: Forodhani hakuna forodha, Darajani hakuna daraja. Tuandike habari za Malindi, bandari yake na gari moshi la Bububu

#1 Kibarazani

Assalaam alaykum wanajukwaa, na hodi kwa wasiokuwa wa Unguja.

Jumapili iliyopita nilikaa Malindi, mtaa wetu wa bandarini Mji Mkongwe, na mwanangu, ana miaka tisa, tunasubiri boti imlete shangazi yake kutoka Pemba. Boti ikachelewa, na mtoto yule akichoka kusubiri huanza kuuliza. "Baba, Darajani daraja liko wapi?" Nikamwambia halipo. "Na Forodhani, hiyo forodha?" Ilihama. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi mji huu unadanganya."

Nilicheka, lakini usiku nikawa nageukageuka kitandani. Mji haudanganyi, yakhe. Sisi ndio hatujawasimulia watoto. Watu walipita pale kwa mashua, kwa daraja, kwa gari moshi, kisha njia ikahama na jina likabaki peke yake. Kwa hivyo nafungua uzi huu tuweke pamoja tunachokijua kuhusu pwani ile ya mji, kutoka Ngome Kongwe hadi Funguni: majumba yake, na namna watu na mizigo ilivyokuwa ikipita. Naanza mimi, mtanirekebisha.

Tuanze na maji. Mji Mkongwe ulikuwa karibu na kuwa kisiwa. Mbele bahari, nyuma Pwani Ndogo, mkono wa bahari ulioingilia upande wa Funguni ukazunguka mgongoni mwa mji. Maji yakijaa, aliyetaka kwenda upande wa pili avuke darajani au apande mashua, ndiyo maana upande ule ukaitwa Ng'ambo. Soko la Darajani la mwaka 1904 lilijengwa kando ya maji hayo. Pwani Ndogo ikafukiwa kidogo kidogo, kazi ikamalizika 1957, na leo tunaivuka bahari ile kwa viatu vikavu, tumeshika vikapu, wala hatuna habari.

Forodhani nako vivyo hivyo. Kabla ya kuwa na gati, meli kubwa zilitia nanga nje. Mizigo ikateremshwa kwenye tishali, tishali zikaletwa ufukweni mbele ya majumba ya wafalme, na hapo ndipo ilipokuwa forodha na mabanda yake. Gati la Malindi likajengwa miaka ya 1920, shughuli zikahamia huko, na pale palipobaki wazi pakapandwa bustani ya jubilii ya Sayyid Khalifa bin Haroub mwaka 1936, kutimiza miaka 25 ya utawala wake. Tunakula mishkaki na urojo kwenye eneo la forodha.

Sasa gari moshi, ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Mwaka 1904 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ilianza kutandika reli kutoka Ngome Kongwe. Mwaka 1905 gari likaanza kukimbia. Lilikwenda maili 7 hadi Bububu, kwenye reli nyembamba ya upana wa futi 3. Kutoka Ngomeni likapita Malindi, tena ndani ya mitaa, si pembeni ya mji, likavuka maji ya Pwani Ndogo, kisha likafuata pwani ya kaskazini kupita Marhubi na Mtoni. Fikirieni njia zetu. Mtu na baiskeli wakikutana na mwenye gari la hamali, mmoja hupanda barazani. Sasa mtie gari moshi hapo! Wapita njia walikuwa wakijitupa milangoni mwa watu linapokuja. Cheche nazo zilikuwa zikiruka zikachoma nguo za abiria na mimea ya watu kando ya njia.

Kampuni ile ile ndiyo iliyoleta na umeme wa barabarani mjini. Mwaka 1911 serikali ikainunua reli. Barabara ya Bububu ikatengenezwa, mabasi yakaanza, abiria wakalikimbia gari moshi, na mwaka 1922 likaacha kuchukua watu. Lakini halikufa hapo. Likabaki na kazi moja: kuvuta mawe ya kujengea bandari mpya ya Malindi. Gati lilipokaribia kukamilika, mwaka 1928, reli ikang'olewa.

Gari moshi lile lilibeba mawe ya gati, gati likasimama, lenyewe likauzwa chuma chakavu. Na hatuna hata kipande cha reli cha kumwonesha mtoto. Nani ana zaidi?

#2 Mbara Mpole

Mkuu subiri kwanza. Zanzibar kulikuwa na treni?? Mimi nimesoma hadi chuo na hii sijawahi kuisikia. Nilikuja Zanzibar mara tatu, nimepanda daladala ya 502 kwenda Bububu, hakuna aliyeniambia kwamba napita njia ya treni. Aisee.

Naweka kambi hapa.

#3 MtotoWaNgambo

Mbara Mpole karibu, vuta mkeka.

Kibarazani, nakusahihisha. Treni ya Zanzibar ilijengwa na Sayyid Barghash, si Wamarekani. Marehemu babu akisema hivyo na hakuwa mtu wa kubahatisha. Barghash ndiye aliyeleta kila kitu: maji ya bomba, saa, na Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la mbele ya bahari. Na jina Bububu linatokana na mlio wa gari lenyewe, "bu-bu-bu". Hilo kila mtu analijua.

#4 Kibarazani

MtotoWaNgambo, babu hakubahatisha, ila zilikuwa reli mbili na watu huzichanganya.

Ya Barghash ilitangulia. Yeye alitawala 1870 hadi 1888, na mwishoni mwa miaka ya 1870 akatandika kijireli kutoka kwenye jumba lake la mjini hadi jumba lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzo mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Baadaye akaagiza kichwa kidogo cha moshi kutoka kiwanda cha Bagnall huko Uingereza. Haikuwa reli ya biashara. Ilikuwa ya kumpeleka mfalme kupumzika. Alipofariki 1888, reli nayo ikaachwa.

Ya Bububu ndiyo ya wananchi, ya nauli na tiketi, na ndiyo ya Wamarekani. Moja kusini, moja kaskazini, kati yao miaka zaidi ya 15.

Kuhusu jina: Bububu kuna chemchemi, na wazee wa huko husema jina ni mlio wa maji yakibubujika. Nisiwe kadhi wa kesi hiyo.

#5 Kilindini_Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Hebu tusidanganyane, reli ya kwanza Afrika Mashariki ni yetu. Mlunatiki, yaani reli ya Uganda ya Waingereza, 1896, Kilindini. Hiyo nayo ina ubishi?

#6 Kibarazani

Kilindini_Kwetu, ndugu yangu, ubishi upo. Reli ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga 1893, na Barghash alikuwa anavutwa na nyumbu wake kwenda Chukwani kabla ya hao wote. Udogo wake si hoja. Reli ni reli.

#7 Kilindini_Kwetu

Haya, nimekubali shingo upande. Lakini na mimi niwape chetu. Mombasa mjini kulikuwa na vigari vya reli vya kusukumwa na watu. Abiria mmoja au wawili wanaketi juu ya kiti chenye kivuli cha turubai, nyuma vijana wawili wanakimbia na kusukuma, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Maofisa wengine walikuwa na njia yao ya pembeni mpaka mlangoni pa nyumba. Na zile reli zilitoka kwenye mradi ulioshindwa: kampuni ya Waingereza ilianza reli ya kwenda bara mwaka 1890, ikafika maili chache ikakwama, vyuma vikarudishwa kisiwani vikatandikwa mitaani. Motokaa zilipoingia, vigari vikaisha.

Kwa hiyo nyinyi mna gari moshi lililobeba mawe ya bandari, sisi tuna reli ya bara iliyogeuzwa teksi. Hakuna kilichopotea pwani hii, hubadilishwa kazi tu.

#8 Papa wa Kaskazi

Nawasalimu kutoka Maskati. Nyinyi mmekaa na magari moshi na majumba, na mlango wenyewe wa Malindi ni bahari.

Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha, mtu wa Sur. Akiondoka na kaskazi mwezi wa Disemba au Januari, akifika Unguja huweka jahazi upande wa Funguni. Walikuja na tende, papa mkavu, chumvi na mazulia. Waliporudi na kusi walijaza karafuu na boriti za mikoko. Boriti hizo zilitoka kwenye mikoko ya Rufiji na kwengineko, na ziliezeka nyumba za Ghuba kama zilivyoezeka za Malindi. Nimekulia chumba cha bibi hapa Oman, ukilala chali unazihesabu boriti. Nilipokuja Unguja mara ya kwanza, nikalala nyumba ya wenyeji Malindi, nikafungua macho asubuhi: boriti zile zile, upana wa chumba ule ule. Sikujua nipo nyumba gani.

Akisimulia, babu hakusema "nilikwenda Zanzibar". Alisema "nilikwenda Malindi". Kwake mji ulianzia na kuishia hapo. Walikaa miezi wakisubiri upepo ugeuke, na miezi ni mingi kwa kijana. Mimi mwenyewe nina shangazi Malindi niliyemjua nikiwa na miaka 40. Msiniulize zaidi.

#9 MtotoWaNgambo

😂😂 Upepo ukigeuka, jahazi linaondoka, shangazi anabaki.

#10 FundiChokaa

Papa wa Kaskazi umegusa kazi yangu. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, nimefundishwa na ami yangu, na nimetia mkono kwenye nyumba nyingi kati ya Malindi na Kiponda. Niseme kwa nini vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba. Si ufahari wala joto. Ni boriti. Mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka kadiri utakavyo; ukishapata wa kubeba dari, upana wa chumba umeshaamuliwa. Mwenye mali akitaka ukumbi mkubwa alirefusha, hakupanua. Kwa hiyo aliyeamua ukubwa wa chumba cha bibi yako kule Oman ni mkata mikoko wa Rufiji.

Ukuta nao ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Chokaa huchomwa kwenye tanuu, huzimwa kwa maji, kisha huachwa ilale. Wiki, na ikizidi ni bora. Fundi wa siku hizi anataka amalize Ijumaa alipwe. Anapiga saruji. Saruji ikikauka inang'aa, mwenye nyumba anafurahi, mgeni anapiga picha. Ndani ukuta umefungwa pumzi. Maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, chumvi inakusanyika, jiwe linageuka unga, ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta usikoona. Baada ya miaka kadhaa plasta inadondoka bapa zima, na jiwe linakuja nayo. Nimewahi kuingiza mkono mzima kwenye ukuta uliopakwa rangi nzuri mwaka mmoja kabla.

Beit al-Ajaib ni habari nyingine. Jengo la 1883, Barghash alitaka ukubwa usiopatikana kwa mikoko, akaagiza nguzo za chuma kutoka nje zibebe roshani zile pande zote. Mbele ya bahari, chuma. Kila fundi anajua chuma na hewa ya chumvi mwisho wake nini. Mwaka 2012 sehemu ya paa ikaanguka, tukaona. Tarehe 25 Disemba 2020 mnara na upande wa mbele ukaja chini, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Watu wawili walifariki, Mungu awarehemu. Kishindo kile nilikisikia nikiwa nimeshika mwiko. Sikuuliza ni nini. Nilijua.

#11 Mbara Mpole

Pole sana fundi. Nilipiga picha pale mbele mwaka 2019, zile mizinga ya shaba ya Wareno nikakalia mmoja (samahani). Kumbe nilikuwa nimesimama chini ya kitu kile.

Swali la mshamba: kwa nini mnara wa saa ulikuwa kwenye jengo la mfalme?

#12 Kibarazani

Si ushamba. Mnara ulioanguka haukuwa wa Barghash. Wakati wake kulikuwa na mnara wa taa umesimama mbele ya jumba, ukiongoza vyombo. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash. Vita havikufika saa moja. Jumba la Beit al-Hukm lililokuwa kando likabomoka na halikujengwa tena, mnara wa taa ukaharibiwa, na Beit al-Ajaib ilipotengenezwa mwaka uliofuata ndipo ikapewa mnara wa saa usoni.

Na bahari ilipata sehemu yake. Jahazi la kifalme la moshi, Glasgow, ambalo Barghash alilijengesha Uingereza baada ya kimbunga cha 1872 kumwangamizia merikebu zake, lilizamishwa pale pale bandarini. Milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji hadi 1912. Kwa hiyo aliyepanda gari moshi la Bububu mwaka 1905, akigeuza shingo kuaga mji, aliona milingoti ya meli ya mfalme. Kwa miaka 16 hakuna aliyeiondoa. Waliotawala hawakuwa na haraka ya kuondoa kitu kile machoni mwa watu, hiyo ni dhana yangu.

Hizo mizinga uliyokalia zina ugeni kuliko wewe: za Wareno, zikatekwa na Waajemi huko Hormuz 1622, ndipo zikafika kwetu.

#13 Hamali Mdogo

Nimesoma kimya tangu jana. Naona mmeandika wafalme, Wamarekani, manahodha. Mawe yale ya gati yalishushwa na nani kwenye behewa? Gunia la karafuu lilipandaje melini?

Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini Malindi. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Sisi watoto tulikuwa tukiishika usiku. Alinisimulia mgomo wa mwaka 1948 aliousikia mwenyewe kwa wazee wake wa kazi: wachukuzi wa bandarini ndio walioanza, maisha yamepanda na ujira umelala, kisha mgomo ukaenea mji mzima mpaka shughuli zikasimama. Haukuanzia ofisini wala skuli. Ulianzia gatini kwa watu wasiokuwa na viatu.

Magari ya hamali yale ya magurudumu mawili, mliyoyaweka kwenye mfano wa kubananishana na baiskeli, ndiyo yaliyolisha mji huu. Gari moshi limekuja na kuondoka, mabasi ya mbao yamekuja na yanaondoka, gari la hamali mpaka leo lipo. Linapiga kelele "Habari hapo! Habari!" na watu wanapanda barazani. Ukitaka kumwonesha mwanao chombo cha zamani, huna haja ya kutafuta reli.

#14 Kibarazani

Hamali Mdogo, umenishika pabaya na nimekubali. Nilipaswa kuanza na hao. Allah amrehemu mzee.

#15 Bi Funguni

Wanangu hamjambo. Mie si mwandishi, mjukuu wangu ananichapia.

Gari moshi sikuliona, lakini mama mkwe wangu, aliyezaliwa kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu, alilipanda akiwa mtoto kwenda shamba kwa watu wao. Alisema wanawake walijifunika buibui zaidi kwa ajili ya cheche kuliko haya. Mmoja alitobolewa buibui jipya la Idi, akalia mpaka Mtoni. Na wazee walikuwa wakiliapiza, maana likipita wakati wa sala mtu hasikii imamu. Hapo Malindi kuna msikiti wenye mnara wa pia, ule mnene chini mwembamba juu, wa zamani sana. Gari lilipita mitaa hiyo hiyo.

Ila alisema pia kuwa watoto walikuwa wakilikimbilia na kuning'inia nyuma bila ya nauli. Akiwamo yeye. Hilo alilisema mara moja tu, tena baba mkwe hayupo.

#16 Mbara Mpole

Bi Funguni shikamoo. Huo ndio uzi sasa. Mjukuu, mpe bibi juisi.

#17 Mpangaji wa Ghorofa ya Pili

Samahani nitaharibu starehe.

Naishi kwenye jumba mojawapo mnalolisifia, Malindi, ghorofa ya pili, familia sita ndani ya nyumba iliyojengwa kwa familia moja. Wazee wangu waliingia baada ya Mapinduzi kama wengi. Mlango wa kuchonga upo, ndio, watalii wanaupiga picha kila siku. Ngazi haina mbao mbili. Mvua ya masika ikinyesha tunahama chumba tunalala kwa jirani. Nimekwenda ofisi moja nikaambiwa nyumba si yangu nisiiguse. Nikaenda kwa ofisi nyengine nikaambiwa nilete chokaa na fundi anayejua, nisitie saruji. Bei ya hiyo chokaa na fundi huyo mnaijua? FundiChokaa bila shaka anaijua.

Mji umeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Vizuri. Dunia ije inishikie ndoo.

#18 FundiChokaa

Mpangaji, naijua, na naona aibu kuitaja. Nasema kweli: kumwambia maskini atumie chokaa huku mfuko wa saruji uko dukani nje ya mlango wake ni kumdhulumu. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, sheria zipo, na kazi nzuri zimefanywa. Zahanati ya Kale pale Mizingani ni shahidi. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliiwekea jiwe la msingi 1887, akafa 1891 haijaisha, mjane wake akaimaliza 1894. Baadaye ikawa zahanati ya wakfu, baada ya 1964 ikaachwa ikapukutika, na miaka ya 1990 Aga Khan Trust wakaifufua. Roshani zile za mbao utadhani zimeshonwa kwa sindano. Nyumba ya Forodha ya Kale iliyo jirani nayo ilitengenezwa miaka hiyo hiyo, na kwa muda mrefu ikawa chuo cha muziki. Unapita unasikia udi na kanuni.

Lakini hayo ni majengo makubwa ya kando ya bahari, yanayoonekana kutoka kwenye boti. Nyumba yako iko ndani, njia mbili nyuma. Anayekuja na fedha haioni. Hapo ndipo hifadhi yetu inapochechemea.

Niandikie pembeni. Ngazi nitakuja kuiangalia, mbao ninazo zilizobaki kwenye kazi. Ngazi tu, paa siliwezi peke yangu.

#19 Mpangaji wa Ghorofa ya Pili

Nimekuandikia. Ahsante fundi. Nilikuja kwa hasira, mnisamehe.

#20 Kilindini_Kwetu

Usiombe msamaha. Mji wa Kale wa Mombasa ni hivyo hivyo: mbele Fort Jesus imepakwa, nyuma paa la mabati limeinama.

#21 MtotoWaNgambo

Kibarazani, nimemuuliza mama. Anasema babu alikuwa akisema "ya Chukwani" na sisi tukasikia tunavyotaka. Kwa hiyo kwenye hilo nimeshindwa. La Bububu bado nakaa na mlio wa gari.

#22 Papa wa Kaskazi

Ramani za kabla ya reli zina jina hilo au hazina? Hapo ndipo pa kuangalia, si mlio.

#23 MtotoWaNgambo

Sheikh, mie natetea mlio, wewe unaniletea ramani.

#24 Kibarazani

Nimerudi na mrejesho. Leo baada ya Alasiri nimemchukua mwanangu tukafanya safari ya gari moshi kwa miguu. Tukaanzia Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno 1698, na ambayo kwa gari moshi ilikuwa ndiyo kituo. Nikamwonesha nyasi za uwanjani ambapo leo kunapigwa taarab jioni, nikamwambia hapa behewa, pale moshi. Tukashika Mizingani, tukapumzika Mtini, mti uliopandwa 1911, mwaka ule ule serikali iliponunua reli. Mafundi wa boti walikuwa hawapo, kulikuwa na wauza tiketi wa kwenda kisiwa cha Changuu, wakadhani sisi wageni, wakatuambia "my friend". Nikawajibu kwa Kiunguja, wakaona haya.

Malindi tukaingia ndani ya mtaa. Hapo likaja gari la hamali limebeba magodoro, juu hadi kwenye roshani. "Habari! Habari!" Tukajibanza kwenye mlango wa watu, mwenye nyumba akatoka na kutukaribisha kahawa.

Mwanangu akaniuliza: "Baba, na hili nalo litaondoka?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akakimbia nyuma ya gari, akaning'inia kidogo mpaka kona ya dikoni, bila ya nauli. Jibu hakunipa, alisema hamali alikuwa anahema.

Jumamosi saa kumi ya jioni nafanya tena, kutoka Ngomeni hadi Gulioni. Anayetaka aje. Bi Funguni tutamwekea kiti njiani.

#25 Bi Funguni

Kiti weka upande wa kivuli. Na huyo mtoto mwambie ashike kwa mikono miwili.